Dakika Tisa

Treni ya saa tisa mchana ilikuwa tayari kuondoka, na pete ilikuwa mkononi mwa Mogaka. Katika stesheni ile ndogo, chini ya Chepseon, hakuna dereva aliyeondoka bila pete ile ya chuma, pana ya kutosha kuvaliwa begani. Njia ilikuwa moja. Aliyepewa pete ndiye aliyepewa njia. Mwaka ule wa 1971 Mogaka alikuwa ametimiza miaka ishirini na miwili ya kuwapa madereva pete. Hakuwahi kuchelewesha treni hata dakika moja, jambo alilolisema mara nyingi kuliko watu walivyopenda kulisikia.

Wiki tatu hizi hakulisema. Nyambeki, mkewe, alizikwa kwao Kisii siku ya Jumatano, na Jumatatu Mogaka akarudi kazini. Kila aliyempa pole, Mogaka alimjibu, "Tumeshazika," kana kwamba ameulizwa kuhusu gunia la mahindi. Hakulia. Alikula alichowekewa, basi. Moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Ndiyo maana asubuhi ile Mwalimu Chepkosgei alipofika kutoka Londiani hakumshughulisha. Mama huyo alikuwa anafungua jumba dogo la makumbusho ya reli katika ghala kuukuu la mizigo huko kwao, na alitafuta vitu vya zamani. Mogaka alimwonyesha rafu, akaenda zake. Mwalimu alichagua kengele, kofia na taa ya mkono ya mafuta. Taa za betri zilikuwa zimeshaletwa; nani angeililia ile ya mafuta? Kiptanui, mkuu wa stesheni, aliruhusu.

Sasa mwalimu alikuwa ameketi kwenye dirisha la behewa na taa mapajani. Mogaka, akipita chini kumpelekea dereva pete, aliuona utambi. Ulikuwa wa buluu.

Stoo ya reli ilikuwa hodari wa kuahidi tambi, si wa kuzileta. Kwa hiyo Nyambeki alikuwa akizikata kutoka kwenye gauni lake kuukuu na kuzipiga pindo kwa mkono. Huo ulikuwa wa mwisho.

Dereva alinyoosha mkono. Mogaka hakunyoosha wake.

"Mzee, leta pete. Tunachelewa."

"Huyo mwalimu ako na kitu yangu."

Mwalimu akachungulia. "Ni taa unataka, mzee?"

"Taa enda nayo. Nipe hiyo kitambaa ya ndani."

Mwalimu hakuelewa, lakini alianza kuifungua taa. Masizi ya miaka yalikuwa yameikaza. Abiria wakanung'unika, Kiptanui akatoka na saa mkononi, na Mogaka akasimama palepale, pete imening'inia begani. Hatimaye utambi ukatoka, unachuruzika mafuta. Aliutia kwenye mfuko wa shati, akampa dereva pete, treni ikaondoka.

Ofisini Kiptanui alifungua kitabu cha treni. Aliandika dakika tisa, kisha kalamu ikasimama kwenye nafasi ya sababu.

"Sasa hapa nitaandika nini, Mzee Mogaka? Injini haikuwa na shida. Ng'ombe haikuwa kwa reli."

Mafuta yalikuwa yamepenya shati na kumpoza kifua. Mogaka aliushika mfuko.

"Andika bibi yangu amekufa," alisema, na sauti ikamkatikia njiani. Hakuwa amelitamka neno hilo mbele ya mtu yeyote.

Kiptanui aliinama, akaandika hivyohivyo.