Mchumba wa Nyumba ya Mabua

Kaka yangu Hamad aliniita kutoka Riyadh niende kwake Jeddah, tuzungumze posa ya bintiye Lina. Nilimkuta kanuna. Hata maji sijanywa, akanielekezea simu.

"Tazama, Mashavu. Huku ndiko anakotaka kupelekwa mwanangu."

Ilikuwa picha ya nyumba katika kijiji kimoja cha Uingereza, anakoishi mchumba, Vuai, na wazazi wake, Wazanzibari wenzetu. Paa lake limeezekwa kwa mabua.

"Makuti tuliyaacha Unguja tukiwa watoto," akasema. "Nimsomeshe Lina, kisha nimrudishe chini ya majani, tena Ulaya? Halas. Posa naikataa."

Lina alikuwa jikoni analia, na aliyasikia yote. Nilikasirika. Kijana wa watu, ana dini na kazi, anakataliwa kwa sababu ya paa?

"Mchagua nazi hupata koroma," nikamwambia kaka yangu. "Mpigie, umuulize mwenyewe."

Akampigia kwa video, na Vuai akapokea akiwa nje. Alisalimu kwa adabu, "Shikamoo, mzee," kisha akatutembeza kijijini kwa simu. Wallahi nilipendezwa. Kanisa la mawe lina mnara mnene, na daraja ni jembamba, gari mbili hazipishani. Kuna ukumbi wa soko umesimama juu ya nguzo za mbao, chini uko wazi, watu wanauza mboga bila kunyeshewa. Nyumba zimeegemeana kama wazee wanaotoka msikitini. Hakuna hata moja iliyonyooka, na hakuna iliyotelekezwa. Nilitamani niwe kule, nishike zile kuta.

Hamad alikuwa anatafuta kasoro tu. "Na hiyo yenu, mbona hamuweki vigae?"

"Haturuhusiwi, mzee. Ina zaidi ya miaka mia tano, serikali inaihifadhi. Hata dirisha hatubadilishi bila idhini."

"Na ikivuja?"

"Tunamwita fundi wa kuezeka. Mimi na baba tunapanda naye, tunampa mabua. Mara ya mwisho tulikuta ya chini kabisa ni meusi, yana masizi ya moto wa watu wa kwanza. Waliokuja baada yao hawakuyatoa, waliezeka juu yake. Na sisi tukafanya hivyo hivyo."

Kaka yangu akaisogeza simu karibu na uso wake. Nilidhani anatafuta neno la kumrudishia kijana, kumbe macho yamemjaa maji.

"Nyumba zote tulizopanga Jeddah zimevunjwa," akasema polepole. "Ile aliyozaliwa Lina sasa ni barabara. Sina hata ukuta wa kumwonyesha mwanangu."

Mimi mwenyewe nilikuwa naikumbuka ile nyumba, na ngazi zake.

Akamwita Lina, akampa simu mkononi. Kisha akainama ili Vuai amwone vizuri.

"Wajukuu wangu wazaliwe humo," akamwambia. "Na ukipanda tena juu, nisubiri. Nataka kuyaona hayo masizi."