Hema la Sebuleni

Jumamosi mchana mke wa mpiga picha alisogeza meza ukutani, akakunja zulia, akasimamisha hema katikati ya sebule. Hema jipya hujaribiwa nyumbani kabla ya safari, ili mtu asije akagundua huko milimani kwamba kigingi kimoja kilibaki dukani. Safari yenyewe walikuwa wameipanga tangu binti yao yuko shule ya msingi: majani yakianza kupukutika wataenda milimani, wao wawili, walale kwenye baridi na kupiga picha za wanyama. Sasa binti ni muuguzi, ana watoto wake, na wenyewe hawajavuka hata stendi.

Kila mwaka kulizuka jambo. Harusi, mahafali, halafu harusi tena. Mume, ambaye mtaa mzima ulimwita Fokasi, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kumwambia mteja hapana. Mkewe alikaa miaka yote hiyo chumba cha nyuma cha studio, akifuta chunusi za maharusi kwenye kompyuta na kuwapunguza wajomba vitambi. Wateja walipokuja kuchukua picha, walimshukuru Fokasi.

Mke alipoingia ndani ya hema kupima kama miguu inaenea, akakuta huko ni milimani. Kulikuwa na baridi, majani mekundu na ya manjano yakidondoka taratibu, na ng'ambo ya kijito mbuzi mwitu wanne walikuwa wakilamba jiwe. Akatoa kichwa nje.

"Mume wangu, hebu niletee kamera. Na sweta langu."

Fokasi, aliyekuwa kwenye kochi akisafisha lenzi, akaleta vyote viwili. Akachungulia.

"Mwanga mzuri huo," akasema. "Huupati mjini."

"Ingia basi."

"Ningeingia, ila nina bibi harusi saa tisa. Wewe endelea, mama. Nakuja."

Basi akaendelea peke yake. Jioni alitoka na matope hadi magotini, akaoga, akapika, wakala. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa pia. Fokasi alilalamika jambo moja tu, kwamba majani yanaingia chini ya kochi na ufagio haufiki huko.

Picha zilikuwa nzuri, tusidanganyane. Palikuwa na bundi aliyejikunyata kwa baridi, na nungunungu na wanawe wakivuka kijito juu ya gogo. Fokasi alizikuza, akazitundika dirishani mwa studio, na kwenye pembe ya kila moja akagonga mhuri wenye jina lake, maana kila kilichotoka mle hugongwa mhuri. Watu wakajaa nje.

"Fokasi, kumbe wewe si wa harusi tu! Huko juu ulilalaje na baridi ile?"

Akawajibu kwamba baridi ya kule si mchezo. Na kweli aliijua, kwa sababu mkewe alikuwa amerudi na mafua akamwambukiza.

Mke alipita dirishani, akaona, akasikia. Roho ilimuuma, na wakati wa chakula alisema.

"Umewaambia watu kwamba ulikwenda."

"Sikusema hivyo. Wameuliza baridi, nimejibu baridi."

"Mhuri umeniuma, sikufichi. Lakini hata ungeugonga kwenye paji langu la uso, ningekusamehe kama tungekwenda wote. Mimi nilitaka twende wote. Basi."

Fokasi aliacha kutafuna. Akasema ni kweli, amekosea, na Jumatano anafunga studio. Alisema hivyo kwa moyo mmoja.

Jumanne binti akapiga simu, akaambiwa mama yake yuko milimani, ndani ya hema, sebuleni. Akauliza kama ana blanketi zito.

"Analo."

"Na wewe, baba, uko wapi?"

"Niko kazini."

"Baba jamani!"

"Kesho, mwanangu. Nimeshaahidi."

Jumatano Fokasi aliamka mapema. Alivaa buti mpya na jaketi, akafunga mlango wa studio, ulio upande wa barabarani wa nyumba hiyohiyo, akaja sebuleni na begi mgongoni. Mkewe alikuwa amepiga magoti kwenye mlango wa hema, mashavu mekundu kwa furaha. Nyuma yake moto ulikuwa unawaka na birika linachemka.

"Njoo haraka, chui ameshuka kunywa maji. Na theluji inaanza. Ikishika, zipu inaganda, haifunguki tena mpaka baridi iishe."

Fokasi akainama aingie. Mlango wa studio ukagongwa.

"Achana naye," mkewe akasema.

"Hodi! Ni pasipoti tu, bosi! Nasafiri kesho!"

"Atapata kwingine. Mjini studio zimejaa. Mume wangu, ingia."

"Dakika mbili, mama. Pasipoti ni dakika mbili."

Alikuwa akiwasha taa aliposikia zipu. Ilivutwa hadi katikati, ikakaa hapo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, kisha ikamaliziwa. Alimwambia mteja anyanyue kidevu kidogo na asicheke. Picha ilitoka vizuri.

Aliporudi sebuleni, hema lilikuwa limefungwa na kitambaa kimekakamaa kwa barafu. Alivuta zipu, ikakataa. Alimwita mkewe, hakujibiwa. Akakaa kwenye kochi, begi bado mgongoni.

Kwa mbali, ndani ya hema, mkewe alikuwa anacheka. Fokasi alisikiliza. Hakikuwa kicheko cha mtu aliyekasirika, wala cha mtu anayesubiri mwenzake. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, akalia kabisa, mtu mzima, buti zikiwa miguuni.

Mlango wa studio ukagongwa tena. Alikuwa mama mmoja na mapacha wake, waliotaka picha ya siku ya kuzaliwa. Fokasi alijifuta uso, akavua begi, akaenda kuwafungulia.