Picha ya Ufunguo

Muuguzi hakusalimia. Aliweka funguo mbili juu ya meza ya Fundi Meno, katikati ya tupa na unga wa shaba, akauliza swali moja.

"Wa tatu uko kwa nani?"

Asubuhi ilikuwa bado changa. Fundi ndiyo kwanza alikuwa anafunua mashine yake ya kuchonga funguo, na kichwani alishaanza kupanga maneno ya picha ya siku hiyo. Alimtazama mgeni wake: sare nyeupe ya zamu iliyokwisha, mkoba begani, ndala miguuni. Mtu aliyetoka nyumbani mbio.

"Wa tatu haupo, dada. Nilikuchongea mbili, nikakukabidhi mbili."

"Upo. Leo ufunguo huo umefungua mlango wangu."

"Wamevunja?"

"Wangevunja nisingekuja kwako na swali. Kitasa kizima, mlango mzima. Nimerudi kutoka zamu, nimefungua, nimekuta kitanda changu kimetandikwa."

Soli, fundi viatu wa meza ya jirani, akacheka huku uzi ukimning'inia mdomoni. "Mwizi wa kutandika vitanda? Mwelekeze na kwangu."

"Jana nilikiacha shaghalabaghala, nilikuwa nimechelewa," muuguzi akasema, bila kumgeukia. "Leo shuka limevutwa likanyooka, pembe zimekunjwa kama bahasha. Namjua mtu mmoja tu anayekunja shuka hivyo. Aliwahi kunipiga kwa sababu zangu hazikunyooka. Na mezani kuna kikombe cha chai. Nimekishika. Kina uvuguvugu."

Soli akautoa uzi mdomoni.

Fundi Meno akaiacha mashine nusu wazi. Mtaa mzima ulimjua kwa jina hilo kwa sababu ya meno ya funguo, ingawa wageni wawili waliwahi kumjia na mashavu yaliyovimba, wakitaka kung'olewa. Alikuwa na jicho ambalo mafundi wenzake walimwonea wivu. Ufunguo aliutupia jicho mara moja tu, akajua bonde la kwanza lina kina gani, na la pili, na la tatu. Jambo hilo halikumnyima usingizi, lilimtia kiburi. Na kiburi chake alikuwa na pa kukianika: ukurasa wake mtandaoni, wenye wafuasi elfu mbili na ushee. Kila ufunguo aliouchonga aliulaza kwenye kiganja, akaupiga picha, akaurusha na mistari miwili ya vina aliyoitunga mwenyewe. Watu walimpa mioyo na dole gumba, naye akavimba kama andazi.

Wiki tatu nyuma, muuguzi huyu alikuja kwenye meza hii hii, akainama, akamnong'oneza. Alikuwa amemwacha mume. Amehama mara mbili, mara mbili mume amemfuata. Sasa amepata chumba kipya, hajamwambia mtu, anataka kitasa kisichochezewa. Fundi aliguswa. Alimwekea kitasa bora kuliko vyote alivyokuwa navyo, chenye nembo ya simba, akakaza kila skrubu mwenyewe, akarudi mezani kifua mbele kama mtu aliyeokoa roho.

"Dada," akasema sasa, "kama unadhani mimi nimempa mtu ufunguo wako, sema tu. Niite mwizi nikusikie."

"Sijakuita mwizi. Nimeuliza wa tatu uko kwa nani."

"Mimi sina tabia hiyo. Uliza mtaa mzima."

Soli akakohoa. Alikuwa ameshika kiatu kimoja mapajani kama mtoto. "Ndugu yangu," akasema taratibu, "huo ufunguo si ndio ule uliotungia mashairi?"

"Mashairi gani?" muuguzi akauliza.

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alitoa simu, akateremsha picha moja baada ya nyingine, mpaka akaifikia. Ufunguo umelala kiganjani mwake, unang'aa, meno yake yote yanaonekana. Chini yake kulikuwa na maneno: *Muuguzi wetu wa wodi ya watoto sasa alale. Kitasa cha simba, mlango wa chuma; anayemsaka, arudi nyuma.*

Muuguzi alisoma mara ya kwanza. Akasoma tena. Uso wake ukawa mkavu kama karatasi.

"Nilikuambia kwa kunong'ona," akasema.

"Sikutaja jina lako, dada."

"Tuko wauguzi wanne wodi ile. Watatu wanaishi na waume zao."

Fundi akashika nguzo moja iliyokuwa bado imesimama. "Lakini picha ni picha. Picha haifungui mlango."

"Wewe unaweza kuchonga ufunguo kwa kuitazama picha?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Siku nyingine angeruka kwa furaha na kujibu kwamba anaweza hata akiwa amefumba jicho moja. Leo aliliona swali likimjia kama gari lililokatika breki.

"Sijajaribu," akasema.

"Jaribu."

Muuguzi akachukua funguo zake mbili, akazifumbata, asizione. Fundi akatoa ufunguo mpya usiochongwa, akaubana kwenye jiliwa, akaiegemeza simu kwenye kopo la mafuta. Aliivuta picha kwa vidole viwili. Ufunguo ukakua, ukawa mkubwa kama sega, kila bonde wazi, kila mwinuko wazi. Hakuhitaji hata rula. Akaanza kupiga tupa.

Maisha yake yote alichonga akiomba ufunguo ukubali. Leo alichonga akiomba ugome. Mkono wake ulijua kazi, na haukujali anachoomba. Unga wa shaba ulimwagika. Soli aliacha kushona. Mteja mmoja alikuja na kiatu kilichobanduka, akaambiwa kwa ishara asubiri, akasubiri bila kuuliza kwa nini.

Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Muuguzi akafumbua kiganja, wakalaza ufunguo mpya juu ya wa zamani, wakaziinua kwenye mwanga. Hakuna hata uwazi wa kupitisha unywele.

"Twende mlangoni," muuguzi akasema.

Hapakuwa mbali. Walipita kituo cha mafuta, wakaingia geti la buluu, wakakatiza ua mrefu wenye vyumba upande mmoja na kamba za nguo upande wa pili. Mlango wa mwisho kushoto. Fundi alifuta ufunguo kwa shati, akauingiza. Akauzungusha polepole, bado akiomba. Kitasa cha simba kikalia tik, laini, bila ubishi, kama mbwa anayemjua mwenye nyumba.

Fundi Meno alibaki ameushika ufunguo ndani ya tundu. Hakuuchomoa. Kwa mlango uliofunguka aliona kitanda kimenyooka kama cha hospitali, na kikombe mezani. Kwenye ukurasa wake zilikuwepo funguo zaidi ya mia mbili: mama lishe, mwalimu mkuu, duka la dawa, wajane, wazee wanaoishi peke yao. Zote zimelala kiganjani mwake, meno nje.

"Naifuta," akasema, akiishika simu. "Naifuta sasa hivi."

Muuguzi akamshika kifundo cha mkono. Alikuwa na nguvu za mtu anayegeuza wagonjwa vitandani. "Usifute. Kwako itafutika, kwake ipo. Kwanza nionyeshe walioandika chini yake."

Yalikuwa maoni hamsini na kitu. Mioyo, makofi, vicheko, Soli akimtania kwamba yeye naye atakitungia kiatu utenzi. Kisha jina moja, Ua la Asubuhi, na picha ya waridi jekundu mahali pa uso. *Kazi safi fundi. Mke wangu anataka kitasa kama hicho. Nyumba iko upande gani nipite nikakione?*

Chini yake lilikuwa jibu. Fundi hakutaka kulisoma. Alilikumbuka tangu neno la kwanza, akakumbuka hata alivyotabasamu akiliandika, maana mteja mpya ni mteja mpya.

Muuguzi alilisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anayesoma cheti cha mgonjwa.

"*Karibu sana ndugu. Nyuma ya kituo cha mafuta, geti la buluu, mlango wa mwisho kushoto. Usiende usiku, mwenyewe huwa zamu.*"

Akamrudishia simu. Hakumtukana. Fundi angelipa chochote ili atukanwe.

"Sikujua ni yeye," akasema. "Ni ua tu. Nilidhani ni mteja."

"Ulimjua ni nani?"

"Hapana."

"Basi ulimpa mtu usiyemjua saa ambazo chumba changu hakina mtu."

Aliingia ndani, akakalia kiti badala ya kitanda. Kikombe hakukigusa tena. "Piga picha ya skrini," akaagiza. "Ya ufunguo, ya swali lake, ya jibu lako. Tarehe zionekane. Kisha nitumie zote. Polisi kituoni wameniambia mara tatu nilete ushahidi, na mara tatu nimekwenda na mdomo wangu tu."

Fundi akapiga. Alikuwa akituma ya tatu simu ilipotetemeka mkononi mwake. Ujumbe mpya. Waridi jekundu.

*Fundi Meno, mbona leo kimya? Tumezoea kuona kazi asubuhi.*

Alimgeuzia muuguzi simu. Muuguzi alisoma mara moja tu.

"Anataka kujua kama nimegundua, na kama nitabadilisha kitasa," akasema. "Mjibu. Mwambie unakuja kukibadilisha kesho asubuhi. Akiamini kesho, leo ni yangu."

Fundi akaandika, akaufuta, akaandika tena, akamwonyesha. *Kesho asubuhi nitabadilisha kitasa cha muuguzi.*

Muuguzi akatikisa kichwa. "Hapo umeongea kama mtu wa kituo cha polisi. Wewe huongei hivyo. Jisifu."

Kujisifu, kazi ambayo hakuwahi kufundishwa wala kuichoka, leo ilimkwama kooni kama mfupa. Aling'ang'ana. *Ndugu yangu, simba amelala tu! Kesho asubuhi muuguzi anapata kitasa kipya, kikali kuliko cha kwanza. Kaa mkao wa kutazama.* Akatuma. Waridi halikukawia. Lilileta dole gumba, na moyo.

Muuguzi akayapiga picha na mazungumzo hayo.

Baada ya hapo aliinuka, na kila kitu kikaenda haraka. Mtu aliyehama mara mbili anajua cha kubeba. Sanduku moja, begi moja, jiko dogo, sare tatu. Shuka aliliacha palepale lilipokunjwa. Fundi alibeba sanduku hadi getini, akarudi kwa jiko. Gari la kukodi likafika.

"Dada," akasema, "huko unakokwenda nitakuja kukufungia kitasa mwenyewe. Bure. Picha sipigi, naapa."

"Huko ninakokwenda huji, fundi."

"Nataka kurekebisha."

"Najua. Lakini ukijua nilipo, kutakuwa na mtu mmoja zaidi anayejua." Akapanda, akashusha kioo kidogo. "Kama unataka kurekebisha, una mia mbili wengine. Mimi nilikuja kwako kukuuliza. Wao bado hawajui kama kuna cha kuuliza."

Gari likawaka. Fundi Meno aligeukia ukuta wa ua, akauweka uso karibu na saruji, asione linakata kushoto au kulia. Akaziba na masikio. Alikaa hivyo mpaka akahisi mtu anamgusa bega.

Alikuwa mama wa chumba cha pili, ndoo ya nguo mkononi. "Wewe umepatwa na nini? Muuguzi kahamia wapi?"

"Sijui, mama."

"Hata upande?"

"Hata upande."

"Makubwa. Na unavyojua milango yote ya mtaa huu." Akaanza kuanika nguo, akiongea na kamba zaidi ya kuongea naye. "Hata wangu unaujua. Au umesahau? Mwezi uliopita ulinichongea, ukaupiga picha, ukaniwekea na shairi. Ile picha niliipenda mno. Nimeituma kwenye kundi la familia, la kikoba chetu cha akiba, na lile la tuliosoma wote. Kila mtu ananiuliza ni ufunguo wa wapi, nawaambia wa kwangu."

Fundi aliutazama mlango wa mama huyo.

"Mama," akasema, "wanaoishi humu ndani ni nani na nani?"

"Mimi na mjukuu wangu wa kike. Kwa nini?"

Fundi alikwenda hadi kwenye mlango wa chumba cha pili, akapiga magoti, akatoa bisibisi mfukoni, akaanza kulegeza skrubu ya kwanza.

"Acha ndoo, mama," akasema. "Njoo ukae hapa karibu, nikueleze nilichofanya."