Wawindaji wa Mama Mmoja

Mayai matatu. Racho aliisogeza lenzi, akahesabu upya. Mwaka jana jani la maharagwe kama hili lilikuwa na mayai thelathini. Wawindaji wenyewe, wadudu wadogo kuliko chembe ya chumvi, walikuwa wakijikokota kando ya utitiri mwekundu, ule unaonyonya minyanya hadi ikauke. Kazi yao ilikuwa kuutafuna. Hakuna aliyekuwa akitafuna.

Wakulima kumi na wawili wa Burat walikuwa wameacha kupiga dawa kwa sababu ya neno lake, wakategemea wawindaji aliowafuga yeye.

"Salaam aleikum." Mama Umulkheir, mmoja wa wakulima hao, aliingia kibandani bila kungoja jibu, akatupa mezani tawi la mnyanya lililozongwa utando wa utitiri. "Askari wako wamelala, Racho. Nusu ya shamba langu imekauka."

"Nitakuongezea wengine, Mama."

"Hawa hawa?" Aliinama kwenye lenzi, akatazama kwa muda mrefu. "Uliwatoa wapi?"

"Wote ni wa mama mmoja. Nilimpata kando ya mto. Miaka miwili sijaruhusu mgeni aingie humu." Hilo ndilo alilojivunia siku zote: ukoo safi.

"Na madume?"

"Wanawe. Wajukuu wake."

Mama Umulkheir aliinua kichwa. "Mama yako hupeleka beberu wake Korbesa, na kuletewa wa watu wengine. Umekunywa maziwa ya mbuzi hao tangu utotoni. Hukujiuliza kwa nini?"

Kwa mbuzi Racho alijua: ndugu kwa ndugu huzaa dhaifu. Kwa hawa hakuwahi kuwaza kwamba nao wana baba.

"Leo napiga dawa," Mama Umulkheir alisema, akatoka.

Pikipiki ilizimwa langoni. Lomuria, mkulima mwingine wa Burat, alikuwa amefuata pakiti zake za wawindaji.

"Habari ya asubuhi, daktari wa wadudu?"

Pakiti zilikuwa tayari. Angeweza kumpa tu, anyamaze. Alizisukuma kando.

"Usiwachukue, Lomuria. Wamezaana ndugu kwa ndugu hadi hawawezi kuwinda."

Lomuria alicheka, kisha akaona Racho hacheki.

"Na wale wa mwezi uliopita? Wako shambani kwangu, na dawa yote nilimpa shemeji."

"Hao pia."

Lomuria akawasha pikipiki.

"Panda. Hayo utamwambia mke wangu mwenyewe."

Racho akapanda.