Umeme wa Angani na Nguzo Ishirini na Mbili

Mimi ni mchumi wa ofisi ya nishati. Kazi yangu ni kuwaambia wakubwa kitu gani kinalipa. Wakubwa nao kazi yao ni kuniambia nihesabu upya.

Safari hii lilikuwa suala la kuvuna nishati ya jua huko huko angani: paneli zielee juu ya mawingu, zitume umeme chini kwa mawimbi. Kisayansi inawezekana, sibishi. Lakini kwa gharama ya roketi za leo, uniti moja ya angani iligharimu mara kumi na nne ya uniti ya paneli za juu ya bati.

Mkurugenzi, tuliyembandika jina la Bwana Dira kwa jinsi anavyolipenda neno hilo, alisoma ukurasa wa mwisho tu.

"Mbona unanivunja moyo? Wageni wa kufadhili mradi wanakuja Alhamisi. Roketi zitashuka bei. Kwani simu hazikushuka?"

"Zilishuka, mkuu. Ila sijui roketi zitashuka kiasi gani."

"Kama hujui, basi andika bei ndogo."

Ningembishia, lakini macho yangu yaliangukia faili la kijani chini ya kikombe chake cha chai. Lilikuwa ombi la nguzo ishirini na mbili za kupeleka umeme kwenye zahanati ya dada yangu, mkunga, anayezalisha huku ameibana tochi kwa meno. Faili lilikuwa na miezi kumi na moja pale. Bwana Dira aliona ninakotazama.

"Mkono mtupu haulambwi," akasema, akacheka.

Nikarudi mezani, nikaigawa gharama ya roketi kwa ishirini. Muujiza! Kwenye karatasi, baada ya miaka kumi umeme wa angani ukawa rahisi kuliko mafuta ya taa. Niliona aibu, nikatia saini hivyo hivyo. Nilijiambia uongo wangu uko angani, nguzo ziko ardhini, havitakutana.

Wageni walipiga makofi. Jumatatu faili la kijani likaletwa kwangu, nikalifungua nikitabasamu. Wino mwekundu ulisema: "Imekataliwa. Kwa mujibu wa ripoti ya mchumi wetu, ndani ya miaka kumi umeme utatoka juu. Nguzo hazitalipa."

Kana kwamba umeme ukishashuka utatembea kwa miguu hadi zahanati! Nilidhani mimi na yeye tunawadanganya wageni pamoja. Kumbe mwenzangu aliniamini.

Jioni dada akapiga simu.

"Mdogo wangu, nguzo vipi?"

"Zimekataliwa, dada. Kuna mchumi kaandika hazilipi."

"Mchumi gani huyo? Hana dada?"



"Anaye," nikasema.