Unga Ulikuwapo Nyumbani

Watoto wa darasa la pili ndio waliompa jina la Mwalimu Kengele, na wala hawakumwonea. Alikuwa mtu wa saa. Kengele yenyewe ya shule ingeweza kuchelewa, maana mlinzi aliyekuwa akiigonga alipenda soga, lakini yeye hapana. Kwa hiyo Mwalimu Mkuu alipomwita ofisini kumwambia kwamba kipindi chake cha sanaa kitachukuliwa na mgeni, kitu cha kwanza alichouliza ni huyo mgeni atafika saa ngapi.

"Atafika tu, usiwe na wasiwasi," Mwalimu Mkuu akacheka. "Nimempata Mama Nta mwenyewe, yule wa batiki. Unamfahamu?"

Kumfahamu! Mama Nta ndiye aliyemzaa.

Pale shuleni hakuna aliyelijua hilo. Hakuwa amelificha, ila hakuna aliyewahi kumwuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujianika. Mama yake aliishi upande wa pili wa mji. Walikuwa wakionana kwenye misiba na harusi, na mara mojamoja binti alimpelekea mama sukari na sabuni, akakaa kidogo kwenye kiti cha karibu na mlango, wakaulizana habari za afya, kisha akaaga.

"Namfahamu," akajibu. "Lakini Mwalimu, nta ya moto na watoto wale? Nta ikimrukia mtoto haifutiki. Inashika mpaka itoke na ngozi."

"Hilo nimemwambia. Anasema hatagusa nta wala jiko. Ana njia yake ya unga."

"Unga gani?"

"Unga wa ngano, huu huu wa jikoni. Sasa mimi nitajuaje? Kaa naye darasani, utaona."

Mwalimu Kengele akatoka ofisini. Katika akili yake mama yake na nta vilikuwa kitu kimoja. Utoto wake ulikuwa na mlango wa bati uani, na nyuma ya mlango ule palikuwa na jiko, sufuria jeusi na harufu nzito ya nta iliyoyeyuka. Yeye alikaa nje akichungulia kwenye upenyo. Kila alipousukuma mlango alisikia neno lilelile: "Rudi nyuma, utaungua!" Baba yake alikwishafariki wakati huo, na hapakuwa na mtu mwingine wa kucheza naye, basi akawa anacheza na ule mlango.

Halafu siku moja, akiwa bado na pengo la meno ya utoto, mama akamfungia nguo zake kwenye kanga, akampeleka kwa shangazi yake. Njia nzima alishikwa mkono. Walipofika, mama akachuchumaa mbele yake, akamwambia, "Ni kwa sababu ya nta, mwanangu. Nyumba yangu ni moto mtupu, na mimi sina macho mgongoni. Ukikua utarudi."

Hakurudi. Alikulia kwa shangazi. Shangazi hakuwa mkatili, hilo lazima lisemwe, ila hakuwahi kumhesabu na wanawe. Yeye ndiye aliyebeba watoto mgongoni, ndiye aliyeosha vyombo, ndiye aliyekumbukwa mwisho wakati wa kugawa nguo. Usiku mwingine alilia, lakini hata katika kulia hakumlaumu mama. Aliilaumu nta. Mama aliniokoa na moto, alijiambia, na maneno hayo yalimvusha: yakamvusha shule, yakamvusha chuo cha ualimu, yakamfikisha ukubwani akiwa amesimama wima. Alikuwa amejenga juu yake kama mtu anavyojenga juu ya msingi asioukagua.

Mama Nta alifika kabla ya kengele. Mwili ulikuwa umepungua, lakini sauti ilikuwa ileile. Mkononi alikuwa na ndoo, kichwani furushi la vitambaa vyeupe na maboksi yaliyokatwa.

"Shikamoo, mama," Mwalimu Kengele akasema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu."

Kila mama mtu mzima humwita kila kijana hivyo, kwa hiyo hakuna mtoto aliyegeuza shingo.

Mwalimu Kengele alikwenda kuketi nyuma, kwenye kiti kidogo cha wanafunzi, magoti yakimfika kifuani, na daftari la kusahihisha mbele yake. Hakusahihisha hata ukurasa mmoja.

Mama Nta alimimina unga kwenye ndoo, kikombe kwa kikombe cha maji, akatia na kijiko cha shabu ya kusaga. "Shabu ni hii, mnaiona, kama chumvi. Hii inauzuia uji wetu usivunde. Sasa nani ana mkono wa kukoroga?" Mikono yote ikapaa. Akawapa zamu mmoja mmoja. "Koroga, koroga. Mpaka madonge yote yaishe. Donge moja tu likibaki, litaziba tundu, nawe utabaki unakamua kama mtu anayekamua jiwe."

Wakacheka. Akawagawia mifuko ya plastiki iliyojazwa uji, akakata ncha ya pembe kwa mkasi, tundu jembamba la kupita sindano ya magunia. Vitambaa vilikuwa vimebanwa kwa pini juu ya maboksi. Akawaonyesha namna ya kuukamata mfuko, mkono mmoja juu unaminya, mwingine chini unaongoza. "Pale unapopita uji, rangi haitapita. Ukitaka jua jeupe, chora jua. Uji unaulinda weupe wako, rangi inakula kilichobaki."

Kulikuwa na msichana mdogo waliyemwita Kidoti, mzito wa kusoma, mwepesi wa kulia. Mfuko wake ulimponyoka, uji ukatapakaa mezani, kwenye sare na kwenye kitambaa cha jirani. Watoto wakaacha kazi kumtazama, na Kidoti akawa karibu kulia.

Mama Nta akaja, akaangalia, akaweka mikono kiunoni. "Haya! Na meza nayo inataka batiki?" Darasa likaangua kicheko. Akachovya kidole kwenye ule uji uliomwagika, akachora macho mawili na mdomo juu ya meza. "Huu ni unga, bibi yangu. Haumuui mtu. Lete mfuko, tuanze upya." Akamkalisha mapajani, akamshika vidole vyake vidogo kwa vyake, wakachora pamoja kuku mwenye miguu iliyopinda.

Mwalimu Kengele aliyaona yote hayo. Hakukumbuka kama yeye aliwahi kukaa kwenye mapaja yale.

Ndipo mvulana mmoja wa mbele, mdadisi kupita kiasi, akauliza, "Bibi, na wewe nani alikufundisha?"

"Mama yangu," Mama Nta akajibu bila kuinua macho. "Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Yeye na nta yake kule ndani, mimi na uji wangu wa unga hapa mlangoni. Tulikuwa tunaimba huku tunafanya kazi. Mtoto hana haja ya kukaa mbali na mama kwa sababu ya nta, mpe unga na maji tu, atatulia."

Alipolisema neno la mwisho, mkono wake ukasita juu ya kitambaa. Akainua macho, akatazama nyuma ya darasa. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Mwalimu Kengele alikuwa amelisikia. Akafunga daftari. Akajikaza kisabuni mpaka kengele ilipolia, akasimamia watoto wakipanga maboksi yao dirishani ili uji ukauke mpaka kesho, akawaambia watoke kwa mstari. Kisha akaichukua ndoo mikononi mwa mama yake, wakaenda bombani nyuma ya madarasa.

Mama Nta akainama kuisugua ndoo. Maji yalikuwa yakitoka kwa kusuasua.

"Mama."

"Naam."

"Hii njia ya unga uliijua tangu zamani."

"Tangu nina akili zangu."

"Hata wakati nakaa kwako."

Mama akaendelea kusugua, ingawa ndoo ilikuwa imekwisha kung'aa.

"Unga ulikuwapo nyumbani, mama. Maji yalikuwapo. Vipande vya vitambaa vilikuwa vinatupwa. Na mimi nilikuwa pale mlangoni."

"Usiseme nami hivyo. Mimi ni mama yako."

"Sijakuvunjia heshima. Nauliza. Kwa nini ulinipeleka kwa shangazi?"

Mama Nta akafunga bomba. Akajifuta mikono kwenye gauni, upande huu na upande ule.

"Ni yule Fundi," akasema mwishowe.

Fundi cherehani. Mwalimu Kengele alimkumbuka kwa mbali, mwanamume mwenye futi ya kupimia shingoni, aliyekuwa akija kuchukua vitambaa. Siku zote alidhani bwana huyo aliingia nyumbani baadaye, yeye akiwa amekwisha ondoka.

"Aliniambia atanioa mimi, hatanioa na mtoto wa marehemu. Nilikuwa kijana, mjane, naogopa kila kitu. Mtoto wa umri ule ningemwambia nini? Ningesema, kuna mtu hakutaki? Nikasema nta. Nta ulikuwa unaielewa. Nilidhani haitakuuma."

"Haikuniuma," Mwalimu Kengele akasema. "Hilo ulifaulu. Nimeikumbatia nta yako miaka yote hii." "Fundi alikuacha. Nilisikia kwa shangazi, sikuwa hata nimemaliza shule ya msingi. Alipoondoka, kwa nini hukuja kunichukua?"

Hapo ndipo mama angeweza kudanganya. Angeweza kusema alikuja akakatazwa, au alikuwa mgonjwa, au shangazi ndiye aliyekataa. Shangazi alikwishafariki, nani angembishia? Pengine ingekuwa hisani kwao wote wawili. Lakini Mama Nta alikuwa amechoka.

"Nilikuwa nimezoea," akasema.

"Umezoea nini?"

"Kimya. Nilikuwa nafanya kazi yangu vizuri. Nyumba ilikuwa na kimya, hakuna wa kuniita, hakuna wa kulia. Kila mara nilisema, nikimaliza oda hii nitakwenda. Halafu ikaja nyingine. Halafu ukawa mkubwa."

Kutoka uwanjani zilisikika kelele za watoto wanaogombea mpira. Mwalimu Kengele aliuegemea ukuta.

"Mwalimu Mkuu alipoitaja shule hii, nilijua ndiyo yako," mama akaendelea kwa sauti ya chini. "Wala sikuja kwa sababu yeye aliniita. Nilitaka unione nikikaa na watoto. Nilitaka uone kwamba naweza."

"Nimeona, mama. Unaweza. Ulikuwa unaweza tangu mwanzo. Sasa si ndicho kinachoniua?"

Akamwachia ndoo pale pale, akarudi darasani.

Kesho yake Mama Nta alikuja tena, kwa maana kazi ya watoto haingeachwa njiani. Uji ulikuwa umekauka ukawa mgumu kama ganda. Akawafundisha kukunjakunja kitambaa taratibu ili ganda lipasuke, rangi ipenye kwenye nyufa na kuacha ile mistari myembamba ya batiki. Akawaonya wasichovye kwenye beseni la rangi, maana uji ungeyeyuka wote. Wapake kwa brashi. Vitambaa vikaanikwa juani, na rangi iliposhika vikalowekwa maji, ganda likalainika, likamenyuka vipande vipande, na chini yake weupe ukajitokeza. Watoto walipiga kelele kama waliookota dhahabu. Kidoti alikimbia darasa zima na kuku wake wa miguu iliyopinda, akimwonyesha kila mtu, mpaka mlinzi.

"Na mwalimu wetu naye achore!" yule mvulana mdadisi akapaza sauti.

"Achore! Achore!"

Mama Nta alikwisha kubana kitambaa kwenye boksi. Akamletea, pamoja na mfuko wa uji, akavishika kwa mikono miwili kama anayeomba kupokewa.

Mwalimu Kengele akavipokea, kwa sababu ya watoto. Akaminya. Uji ukatoka mstari mmoja, ukaanza kupinda, na mkono wa mama ukaja juu ya wake kumwelekeza. Ulikuwa mkono mkavu, wenye makovu ya zamani ya nta, na ulikuwa wa moto. Mwili wake ukatamani kuuacha mkono ule umwongoze. Ndiyo, huo ndio ukweli, ulitamani, kama mtoto yeyote. Kisha akakumbuka: alikuwa akiosha vyombo vya watu, na mkono huu ulikuwa umezoea kimya.

Akauondoa mkono wake kwa upole, ili watoto wasijue. "Malizia wewe, Kidoti," akasema. "Mimi sina mkono wa kuchora."

Vitambaa vikatundikwa ofisini, na Mwalimu Mkuu akafurahi hata akasema Mama Nta atakuja kila wiki. "Unasemaje, Mwalimu?"

"Aje. Watoto wanampenda, na anafundisha vizuri sana." Hakutia chumvi wala hakupunguza. "Ombi langu ni moja. Saa hiyo nipangie darasa jingine."

"Kuna tatizo baina yenu?"

"Hakuna tatizo. Ni mama yangu."

Mwalimu Mkuu akaweka kalamu chini, na yeye akatoka kabla hajaulizwa zaidi.

Ikawa hivyo. Mama Nta huja kabla ya kengele na ndoo yake. Wakikutana ukumbini, binti husema shikamoo, mama huitikia marahaba, kila mmoja akashika njia yake. Mwanzoni mama alikuwa akisimama kidogo baada ya salamu, kama mwenye neno. Siku hizi hasimami.

Mwalimu Kengele hufundisha hesabu darasa la tatu saa hiyo. Ukuta wa kati ni mwembamba, na ng'ambo yake husikika vicheko, na sauti ya mwanamke mzee akiwaimbisha watoto wakorogapo unga. Yeye hupaza sauti kidogo, akawaambia wanafunzi wake warudie jedwali la saba, kwa nguvu, wote kwa pamoja.