Vioo Juu ya Nyufa

Shangazi aligoma kuhama. Ghorofa ya chini na ya kati alimpangisha bosi mmoja wa bima afanye ofisi, ya juu akabaki nayo mwenyewe, na akataka kazi ya ukarabati niisimamie mimi, mtoto wa kaka yake.

"Wageni wataniangushia nyumba," alisema. "Wewe ukiniangushia, angalau tutazikana kindugu."

Tulicheka. Wakati ule ilikuwa inachekesha.

Nyumba yenyewe ni kongwe, ya mawe na chokaa, vyumba vidogo vidogo. Bosi alitaka ukumbi mmoja mpana pale chini, meza zote zionane. Basi tukabomoa ukuta wa katikati na mahali pake tukapitisha boriti ya chuma. Mhandisi alipiga hesabu akasaini. Ila nyumba kongwe ni kama mzee uliyemhamisha kiti: unadhani ametulia, kumbe bado anatafuta pa kuegemea.

Ndiyo maana nikabandika vioo. Kila penye ufa unaweka kipande chembamba cha kioo, unakigandisha kwa jasi pande zote mbili za ufa. Ukuta ukisogea hata unywele, kioo kinakatika. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilipita nikavitazama. Na kila asubuhi vilikuwa vizima.

Milango ilisema mengine. Wa choo cha chini, tuliouranda wenyewe, ukaanza kugoma kufunga. Kisha wa chini ya ngazi. Vumbi jeupe likawa linadondoka ngazini bila mtu kugusa kitu. Unyevu huo, nikajiambia. Vioo si vizima?

"Shangazi, mlango wako unafungaje?"

"Kama mdomo wa mama mkwe wako. Kwa shida, na kwa muda mfupi."

"Njoo ukae kwetu kidogo, tumalize."

"Thubutu! Nikitoka mimi, huyo bosi wako atapanda na meza zake mpaka kitandani kwangu. Hapa nilizaliwa, baba. Hapa natoka nimebebwa."

Siku moja niliwahi kazini. Fundi rangi alikuwa ameshafika. Huyu tulimwita Bwana Harusi kwa usafi wake. Anapaka dari nzima na ovaroli yake huoni tone. Nilimkuta juu ya ngazi ya mkono, jasi mbichi kiganjani, anabandika kioo kipya.

"Bwana Harusi, unafanya nini?"

Nusura aanguke. "Nisamehe, mkuu. Vinavunjika tu. Nadhani nikihamisha ngazi navigonga. Sikutaka ukute kazi chafu, basi nawahi nabadilisha."

"Umebadilisha vingapi?"

"Vya leo?"

Nikamwambia awatoe wenzake nje, taratibu, bila kishindo, kisha nikapanda juu. Ngazi zilikuwa zinalia, lakini si pale nilipokanyaga. Zililia mbele yangu, pale nilipokuwa sijafika.

Nikabisha. "Shangazi, fungua."

"Ningeweza, ningekuwa nimeshakukaribisha chai. Mlango umekwama tangu alfajiri. Lete nyundo uje uuvunje."

Nikautazama ule mlango. Fremu imepinda, ukuta wa juu umeukalia, ubao umebinuka kama mgongo wa mpagazi. Haukuwa mlango tena. Ulikuwa nguzo.

"Usiuguse. Nenda dirishani, nakufuata kwa nje."

"Acha utani wako, mtoto wewe."

"Leo sitanii, Shangazi."

Nikasikia nyayo zake zikielekea dirishani. Tangu nizaliwe hajawahi kunisikia nikisema hivyo.

Kwa nje kulikuwa na jukwaa la kupakia rangi. Tukapanda, mimi na Bwana Harusi, ambaye alikuwa analia bila kupangusa uso. Kamba za kulifunga jukwaa kwenye ukuta tulizikaza wenyewe. Sasa zilikuwa zimelegea. Ukuta ulikuwa umeinamia nje, umelifuata jukwaa.

Shangazi alitoa mguu mmoja dirishani, halafu akasita. Nyuma yake kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka limenyooshwa.

"Nikitoka sirudi. Siyo?"

Bwana Harusi alinitazama, ananiombea uongo.

"Hurudi, Shangazi."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei. Kisha akanipa mkono. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Alipokwisha kusimama kwenye mbao, mkono wake ukarudi nyuma kulivuta dirisha, alivyozoea kila anapotoka.

"Liache wazi," nikasema.

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Tulikuwa bado hatujafika chini nyumba ilipoanza kuguna.